Tata Pointeur na Askari Kumi na Tisa

Hata ungempelekea askari wa plastiki mwenye bunduki nzuri namna gani, Tata Pointeur asingeitazama ile bunduki. Angemgeuza mkononi, akamkagua mgongo, akamkagua mikono, kisha akakuuliza kwa sauti ya ofisini: "Uyu anafanyaka kazi gani?" Ole wako ujibu kwamba anapiga risasi. "Wa kupiga masasi niko naye mumoja, anatosha," angesema, na askari wako angerudi kwenye mfuko bila hata kuagwa.

Najua kwa sababu mfuko huo ulikuwa wangu. Ninauza nguo za watoto za mitumba hapa Kolwezi, na kila balo la nguo za watoto huja na vitu vilivyosahaulika ndani yake: soksi moja, kifungo, gari lisilo na magurudumu, na askari. Askari ni wengi ajabu. Sijui watoto wa huko zinakotoka nguo wanapigana na nani. Wenzangu sokoni waliwatupa chini ya meza, mimi nikawaokota kwa ajili ya jirani yangu, ambaye nyumba yake na yangu ziligawana ukuta mmoja.

Jina la Pointeur alilitoa mgodini. Miaka yake yote ya kazi alisimama langoni na daftari, zamu ikiingia, akaita majina. Uliitika, akaweka alama. Akishafunga daftari amefunga, na aliyekosa kuitika hakuja kazini siku hiyo, hata kama ni rafiki yake, hata kama jana walikunywa pamoja. "Jina haifanyake kazi," alikuwa akisema. "Mutu njo anafanyaka." Hakuwahi kumwandika mtu ambaye hakuwepo. Watu walimchukia kidogo na kumheshimu sana, na alipostaafu alitoka na kalamu yake mfukoni mwa shati, ikabaki hapo hapo hata alipokuwa akilima bustani ya mchicha.

Askari wake walikaa kwenye kizingiti cha dirisha la sebuleni. Walikuwa kumi na tisa, kwa kuwa ndio walioenea kwa nafasi ya kidole kimoja kati ya mtu na mtu. Wa ishirini akipatikana, mmoja alistaafu na kupewa watoto wa mtaa. Na hapakuwa na wawili wa kazi moja. Sheria hiyo ilimtesa kweli siku nilipomletea wabeba machela, maana hao huja wawili, mmoja mbele na mwingine nyuma. Alizunguka nao siku nzima. Mwishowe alimchukua wa mbele peke yake, na upande wa nyuma wa machela akauegemeza kwenye kiberiti.

Alikuwepo mpishi mwenye sufuria. Alikuwepo wa redio, mwenye darubini, mzamiaji mwenye viatu vya bata, mruka na mwavuli ambaye nyuzi zake zilikatika. Aliyempenda kuliko wote alikuwa yule anayetembea ameinama na chombo cha kutafuta mabomu yaliyofukiwa. "Uyu ni creuseur mwenye masomo," alisema, na mtu yeyote wa Kolwezi angecheka, maana wachimbaji wetu hutafuta madini kwa jembe na kwa bahati. Alikuwepo dereva asiye na gari, mikono imeshika usukani usiokuwepo. Alikuwepo mmoja mkubwa mara tatu ya wenzake, wa kukunja magoti na viwiko, naye aliketishwa daima kwa sababu akisimama, "benzake banasikia haya." Aliyekatika mguu hakukataliwa, alipewa ulinzi wa mlango, kazi ambayo haina safari. Rangi hazikumshughulisha: kijani, kahawia, rangi ya mchanga, wote sawa mbele ya kazi.

Adhuhuri, baruti ilipolipuliwa mgodini, nyumba zetu ziliruka kidogo na askari wakaanguka. Nilimsikia ng'ambo ya ukuta akiwainua na kuwaita mmoja mmoja. "Wa redio!" Anaitika mwenyewe: "Niko." "Muzamiaji!" "Niko." Akifika kwa mpishi, mke wake aliitika kutoka jikoni, "Niko, na ugali inaungua!" Mtaa ulimwita mke huyo Mama Pointeur. Alikuwa na ulimi, na mumewe ndiye aliyekuwa jiwe la kuunolea. "Basoda kumi na tisa," aliniambia siku moja akiwa na ndoo kichwani, "na hakuna ata mumoja wa kuenda kuteka mayi."

Usidhani mzee alipenda jeshi. Askari wa kweli walimtetemesha. Wakisimamisha gari njiani alikuwa wa kwanza kushuka na wa mwisho kupanda, kitambulisho tayari mkononi. Nilimuuliza mara moja kwa nini basi anakusanya hawa. Akanijibu, "Aba habaombake kitu." Sikuuliza tena. Alikuwa hivyo, mtu wa pande mbili. Alihesabu watu maisha yake yote, lakini yeye mwenyewe hakutaka kuhesabiwa. Kanisani alikaa benchi la mwisho karibu na mlango. Mke wake hakumwita kwa jina wala kwa neno tamu, alimwita "Weye" tu, lakini mwaka ule Mama alipougua mgongo, nilimkuta amejifungia jikoni anamenya viazi vitamu. Aliniapisha nisiseme. Leo nasema.

Kitu kimoja alikitafuta miaka mingi na hakukipata: askari mwenye kuandika. Alikuwa na hakika kwamba yuko mahali, ndani ya balo fulani, ameketi na karatasi. "Jeshi yenye haina pointeur," alisema, "haiwezi kujua nani alikufa." Kila balo nililofungua aliniuliza habari zake kabla ya kuniuliza habari za wanangu.

Sasa nisimulie yaliyomfunga.

Chini ya sakafu zetu kulikuwa na madini. Kila mtu alijua, na wengine walishaanza kuchimba vyumbani. Ikaja kampuni na makaratasi: mtaa utahamishwa, kila familia itajengewa nyumba upande wa pili wa mji kulingana na idadi ya watu wake. Watu waliovaa vizibao vya rangi ya chungwa wakapita nyumba kwa nyumba kuhesabu. Walipofika kwa Tata Pointeur nilikuwa uani kwake, nikingoja zamu yangu. Mama Pointeur hakuwepo. Alikuwa ameenda Kasaji kumsaidia dada yake kuvuna mahindi.

"Tata, bantu bangapi banalala mu hii nyumba?"

"Lelo?"

"Ndiyo, lelo."

"Mumoja."

Niliruka kama niliyekanyaga siafu. "Tata! Na Mama?"

"Mama eko Kasaji."

"Si atarudi!"

"Akirudi, batamuhesabu."

Nilitamani kumfinya. Yule mhesabuji aliandika moja, akageuza ukurasa, akauliza vitu vya ndani. Hapo ndipo mzee alipochangamka. Meza, viti, redio, vyungu, kisha akawapeleka dirishani na kuwaandikisha askari wote, mmoja mmoja, na kazi yake. "Mupishi, wa plastiki, sufuria mu mukono, moja. Mubeba machela, moja, mwenzake hakuna." Mhesabuji alikuwa akicheka, lakini aliandika. Majirani wengine waliokuwa wakingoja zamu zao walikasirika kwa kusubiri. Mzee hakuwasikia, alikuwa kazini.

Mama Pointeur alirudi na gunia la mahindi baada ya wiki moja. Alikuta nakala ya ile karatasi juu ya meza, akaketi, akaisoma kwa kidole. Ukuta wetu ulikuwa mwembamba, sikuhitaji kutega sikio.

"Mupishi wa plastiki eko," alisema polepole. "Mi hapana."

"Haukukuwa hapa."

"Nilikuwa ku shamba. Nilikuwa natafuta mahindi ya weye kukula."

"Najua. Lakini haukukuwa hapa."

Mama akafunga vitu vyake kwenye kitenge. Mlangoni alisema, bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha: "Siku jina yangu itaandikwa mu hii nyumba, utanitumia mutu. Mbele ya ile siku, usitume." Akapanda pikipiki, akarudi Kasaji.

Mzee alienda ofisini kesho yake kuomba karatasi irekebishwe. Wakamwambia mtu ambaye hakuwepo siku ya kuhesabu huongezwa nyumbani tu: watakuja wakaguzi, siku wasiyoitaja, na watamwandika wanayemkuta. Wakikuta mlango umefungwa, faili linafungwa na nyumba inavunjwa. Basi angalia jinsi kamba ilivyomzunguka. Hakuweza kwenda Kasaji kumbembeleza mkewe, maana wakaguzi wangeweza kufika. Mkewe hakutaka kurudi kabla ya kuandikwa. Na hangeweza kuandikwa kabla ya kurudi. Kamba hiyo aliisokota mwenyewe, kwa mikono yake safi.

Sisi wengine tulihama. Nyumba yangu ilivunjwa asubuhi moja, na ukuta niliosikia mengi kupitia kwake ukalala chini. Mtaa ukazungushiwa mabati, likabaki lango moja lenye kizuizi cha chuma, na mlinzi mwenye madaftari mawili, la wakaaji na la wageni. Mgeni alitakiwa kutoka saa kumi na moja jioni. Ndani zilibaki familia chache zenye mashauri, na Tata Pointeur.

Hakutoka tena. Misa ilimpita. Rafiki yake wa mgodini alizikwa bila yeye. Aliniomba nimwombee msamaha kwa wafiwa, nikamwombea, wakanitazama vibaya. Aliamka, akavaa shati safi, akaweka kalamu mfukoni, akaketi kwenye kiti mlangoni akiwangoja wakaguzi hadi jua kuzama. Siku walipopita mafundi wa kupima, alisimama wima, wakampita. Alikonda. Vumbi la nyumba zilizovunjwa liliingia kwenye chakula chake na kwenye kifua chake.

Mara mbili kwa wiki nilijiandikisha mgeni nikampelekea unga na samaki wakavu, na chini ya unga, askari. Hiyo ndiyo biashara iliyobaki kati yetu. Yeye hakuweza kuja kuchagua, basi nikachagua mimi. Mwanzoni nilikosea. Nilimletea wa bendera, akasema bendera si kazi. Nilimletea wa mbwa, akauliza nani anafanya kazi hapo, mtu au mbwa, tukabishana mpaka mlinzi akaja kuniita. Lakini nilijifunza. Nilizoea kutazama mikono tu. Nilifungua balo na kabla ya kutafuta nguo nzuri nilitafuta vidole: vimeshika nini? Wateja walinisubiri huku mimi nimezama hadi mabega. Binti yangu alisema nimelogwa na mzee. Labda. Nilijua tu kwamba siku ninapomkuta anauliza "Uyu anafanyaka kazi gani?", angalau siku hiyo atakula.

Halafu nikampata. Alikuwa ndani ya mguu wa suruali ya mtoto, rangi ya mchanga, ameketi kwenye kigoda, ubao juu ya goti, na mkono wa kulia umeshika kalamu. Ilikuwa kalamu kweli, niliisugua vumbi kwa ukucha nikaiona. Nilifunika meza yangu saa nne asubuhi, jambo ambalo sijawahi kufanya hata kwa msiba, nikapanda pikipiki mpaka langoni. Nilikuwa na furaha ya kitoto, sikatai.

Tata Pointeur alimshika muda mrefu. Hakuuliza kazi yake. Kidole gumba kilipita juu ya ubao, kikapita juu ya kalamu.

"Uyu anaandika," alisema.

"Ndiyo, Tata. Njo yeye."

Akamrudisha kwenye kiganja changu, akavifunga vidole vyangu juu yake, kimoja kimoja. "Rudisha, mama. Mwenye kuandika simutaki tena mu nyumba yangu."

Nilijaribu mzaha, haukushika. Aligeuza kiti chake, akakaa akitazama ndani badala ya njiani. Nilitoka pale na hofu ya kweli: mtu aliyengoja kitu miaka yote hiyo, akikikataa, anakuwa amekataa na vingine.

Sokoni kuna msafirishaji mmoja ambaye lori lake hupita Mutshatsha kwenda Kasaji. Mama Pointeur alikataza kutumiwa mtu, lakini aliyekatazwa alikuwa Tata, si mimi. Nikamwambia, "Mwambie Mama Pointeur hivi tu: Tata alipata askari mwenye kuandika, akamkataa." Alinitazama kama mwenye homa, lakini aliufikisha ujumbe.

Siku ya tano nilimwona Mama Pointeur mbele ya meza yangu, mfuko mkononi, nywele zimejaa vumbi la njia.

"Alimukatala kweli?"

"Kweli, Mama. Alinifunga vidole."

"Basi twende."

"Na jina?"

"Nimesema twende."

Langoni mlinzi alifungua daftari la wakaaji, akapitisha kidole. "Kwa Pointeur eko mutu mumoja. Mama, andika hapa, ku bageni. Saa kumi na moja utatoka."

"Mi mugeni?"

"Andika tu, Mama, uingie," nilimsihi.

"Nilizalia batoto batano mule ndani, niandike mugeni?" Akaweka mfuko wake chini mbele ya kizuizi, akaukalia. Malori ya kampuni yakasimama nyuma yetu, yakapiga honi. Hakugeuka. Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Alimtuma mwenzake amwite mzee. Na ndani ya kibanda chake, akinywa chai, alikuwemo yule yule mwenye kizibao cha rangi ya chungwa aliyetuhesabu. Kelele zikamtoa nje na kikombe chake.

Tata Pointeur alikuja amevaa shati lake safi. Alisimama ndani, hatua moja kutoka kwenye chuma. Alimtazama mke wake aliyekalia mfuko, naye mkewe akamtazama. Kisha akamgeukia mhesabuji.

"Fungua dosie yangu. Kuko kosa."

"Kosa gani, Tata?"

"Siku ya kuhesabu, uyu mama alikuwa mu nyumba. Alikuwa ku jikoni. Sikumwita."

Miaka yote niliyomjua sikuwahi kusikia uongo ukitoka kwenye kinywa kile, hata wa adabu, hata wa kumsifia mtu chakula.

"Tata, weye mwenyewe ulisema mumoja," alisema mhesabuji.

"Nilisema mubaya."

"Nani alimuona?"

Wote wakanitazama mimi. "Mi nilimuona," nikasema. "Alikuwa anakaanga samaki."

"Na mafuta iliniunguza hapa," akasema Mama Pointeur, akainua mkono wenye kovu la miaka kumi.

Mhesabuji alitutazama mmoja baada ya mwingine, akatazama malori, akatazama chai yake. Sijui kama alitusadiki. Alileta faili, akaandika, akamgeuzia mzee atie sahihi. Tata Pointeur alitoa kalamu yake mwenyewe. Mkono uliokwisha kuandika majina ya mgodi mzima ukatia sahihi.

"Bon," alisema mhesabuji. "Mama, sasa uko mukaaji. Lakini usitoke tena. Bakaguzi banaweza kufika siku yoyote. Bakikukosa, dosie ya bote inafungwa."

"Mupaka siku gani?"

"Sijui, Mama."

Mama Pointeur aligeuka akaitazama barabara ya kurudi Kasaji, alikoacha shambani mahindi aliyoyapanda mwenyewe. Kisha aliinama, akapita chini ya kizuizi kabla hakijainuliwa, akatangulia kuelekea nyumbani katikati ya vifusi.

Mzee hakumfuata mara moja. Alishika kile chuma kwa mikono miwili, uso wake karibu na wangu.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "mu ile miaka yote, ni bangapi niliandika hayuko, na balikuwa mu njia banakimbia, na mi minabaona?"

Baba yangu alikuwa mmoja wao. Mara mbili nilimwona akirudi nyumbani asubuhi ile ile, chakula chake kikiwa bado kimefungwa kwenye kitambaa, akakaa nyuma ya nyumba.

"Sijui, Tata," nikamjibu.

Akaokota mfuko wa mke wake uliobaki upande wangu, akaupitisha chini ya chuma, akaenda nao.